Usiniambie ni kilomita ngapi, niambie tutafika saa ngapi

Katika familia yetu mimi ndiye ninayeachiwa kazi ya kupanga likizo. Sikuiomba. Ninapenda ramani na ratiba, na mtu wa aina hiyo akizaliwa kati ya watu wanaofika kituoni basi likiwa limeshaanza kuondoka, kazi humwangukia bila kupigiwa kura. Kwa miaka mingi sasa nimekaa mezani na watu wenye matakwa yanayogongana: mke wangu anataka bahari, watoto wanataka vitu vya kupanda na kuteleza, mama mkwe anataka kiti kizuri kivulini, na shemeji yangu anataka mahali ambapo hakuna mwenzake wa kazini aliyewahi kukanyaga. Wote huanza na jina la mahali. Mimi siku hizi huanza na saa.

Saa ninazozihesabu ni za mlango kwa mlango, tangu ufunguo unapozungushwa nyumbani hadi begi linapowekwa chini kwenye chumba tutakacholala. Zile zilizoandikwa kwenye tiketi ni kipande tu cha hizo. Chukua ndege ya saa moja na nusu. Kuna safari ya kwenda uwanjani. Kuna kufika mapema, saa mbili kabla kwa safari za ndani na tatu kwa za nje, kama mashirika mengi yanavyoshauri. Kuna foleni ya ukaguzi, kuna kusimama mbele ya mkanda wa mizigo mkitazama mabegi ya wenzenu yakizunguka, halafu kuna usafiri wa kutoka uwanjani hadi mnakolala. Jumlisha: ile saa moja na nusu imekuwa sita, pengine saba. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hulipita bila kuliona. Ndege ya saa tatu nayo ina mambo yote hayo hayo, kwa hiyo inakula saa nane hivi. Umekwenda umbali mara mbili kwa nyongeza ya saa moja na nusu tu. Muda wa ndege hulipwa mlangoni. Ukishaingia, kilomita zinazofuata ni nafuu. Tangu nilipolielewa hilo nimeacha kuogopa ndege ya saa tatu au nne, na nimeanza kuitilia shaka ile ya dakika hamsini.

Gari ni kinyume. Halina kiingilio, unawasha na kuondoka, lakini kila kilomita unailipa kwa mgongo wako na kwa subira ya watoto. Safari ya gari ya saa nne au tano sihangaiki kuitafutia ndege, maana tutafika pamoja au hata tutatangulia, tena na mizigo yetu yote. Ikifika saa kumi, hapo gari limeshindwa, labda njia yenyewe iwe ndiyo tunayoiendea. Halafu ramani ya simu huhesabu kama dereva asiye na kibofu wala watoto. Mimi huiongezea robo: ikisema saa nne, kwangu ni tano, na mara nyingi tano ndiyo inayotimia.

Treni ya kasi ndiyo iliyoivuruga hesabu hii kuliko chochote, kwa wale walio nayo. Reli ya kasi ya Japan kati ya Tokyo na Osaka ilifunguliwa Oktoba 1964. Ni kilomita 515; ilipoanza zilikuwa saa nne, leo ni kama saa mbili na nusu, na unashukia ndani ya mji. Ufaransa walipoanzisha yao kati ya Paris na Lyon mwaka 1981, Lyon haikusogea hata hatua moja, lakini leo ni mwendo wa kama saa mbili, kiasi kwamba mtu wa Paris anaweza kwenda Ijumaa jioni na kurudi Jumapili bila kuomba ruhusa kazini. Ndege, kwa upande wake, inaweza kukushusha mbali na mji ulioandikwa kwenye tiketi. Uwanja wa Narita uko kama kilomita 60 kutoka katikati ya Tokyo, ilhali Haneda uko ndani ya jiji lenyewe. Uwanja wa Beauvais, ambao mashirika ya bei nafuu huuita wa Paris, uko zaidi ya kilomita 80 kutoka Paris. Kabla ya kufurahia tiketi huwa naangalia jina la uwanja kwanza, ndipo bei.

Lakini hata saa za mlango kwa mlango hazisemi yote. Nilichokuja kukiamini zaidi ni kwamba safari huchosha kwenye viungo vyake kuliko kwenye urefu wake. Saa tisa mfululizo kwenye kiti kimoja, una blanketi na kitabu, zinavumilika. Saa sita zenye teksi, ndege, kusubiri, ndege nyingine, basi na boti zinakuacha hoi kwa siku mbili, kwa sababu kila kiungo kinataka uamke, uhesabu mabegi, uhesabu watoto, utafute alama, uulize.

Kuna usiku tuliokwama kwenye uwanja wa kupitia. Ndege ya kwanza ilikuwa imechelewa, ya pili ubao ukaonyesha mlango mmoja, kisha mwingine, kisha ukaacha kuonyesha kitu. Mdogo wetu alikuwa amelala chini ya viti juu ya koti langu, kiatu kimoja mguuni. Lilipokuja tangazo la mlango mpya, upande ule mwingine kabisa wa jengo, mke wangu alimbeba mtoto, mimi nikabeba mabegi matatu, na mkubwa akakimbia mbele yetu ameshika kile kiatu cha pili juu kama mwenge. Mlango tuliukuta umefungwa. Mtumishi wa zamu alitazama kioo chake muda mrefu bila kututazama sisi, akaandika, akafuta, akaandika tena, kisha akatoa karatasi za ndege ya kesho yake mchana. Tuliokolewa na kitu kimoja: safari nzima ilikuwa kwenye tiketi moja, hivyo ilikuwa juu ya shirika kutufikisha. Lau tungekuwa tumenunua vipande viwili mbalimbali ili kuokoa fedha kidogo, shirika la pili lingetuhesabu kama abiria ambao hawakutokea, na basi. Tangu hapo kila ninapoulizwa kuhusu tiketi mbili za bei nafuu zilizounganishwa kwa mkono, huuliza mapengo yana saa ngapi na nani atalala uwanjani.

Mama mkwe alilisema kwa njia yake mwaka mwingine, tuliposhuka kwenye basi kuelekea kivukoni na yeye akatazama ngazi za gati. "Mwanangu," akaniambia, "nimekuja kupumzika au nimehamishwa?" Nilicheka, lakini niliichukua kama kipimo. Kwenye karatasi zangu kila kiungo sasa nakitoza saa mbili za ziada hata kama ratiba inasema dakika arobaini. Mama mkwe akiwemo, nakitoza tatu. Kwa hesabu hiyo kisiwa kinachoonekana kwa macho ufukweni, chenye boti moja kwa siku, kinaweza kuwa mbali kuliko mji mkuu wa nchi nyingine wenye ndege ya moja kwa moja. Mara kadhaa tumeenda mbali zaidi ili tuchoke kidogo, na hakuna aliyejuta.

Shemeji ana hadithi yake ya Machu Picchu, magofu ya mji wa kale mlimani, na anaisimulia kwa fahari ya mtu aliyetoka vitani. Ukiitazama kwenye ramani ni mahali pamoja nchini Peru. Kwa miguu na mizigo ni ndege ya kwenda Lima, ndege nyingine ya kwenda Cusco, treni hadi mji mdogo ulio chini ya mlima, kisha basi la kupanda kona kwa kona. Na Cusco ina dai lake: iko mita 3,400 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mtu aliyetoka pwani huambiwa atulie siku moja au mbili mwili uzoee, la sivyo kichwa kitamuuma na pumzi itamkata kwenye ngazi. Siku hizo hazimo kwenye tiketi yoyote. Magofu yenyewe yako chini kuliko Cusco, mita 2,400 na kidogo, na ndiyo maana wajuzi hushuka kwanza kulala bondeni na kuiacha Cusco kwa mwisho. Shemeji alikuwa na wiki moja. Nikimuuliza alikaa Machu Picchu kwa muda gani, huanza kuzungumzia mandhari.

Kuna pia suala la saa ya kufika, ambalo naliona kubwa kuliko muda wa safari wenyewe. Hoteli nyingi hufungua vyumba saa nane au saa tisa mchana na kukutoa saa nne au tano asubuhi. Ndege ya usiku inayotua saa kumi na mbili alfajiri huuzwa kama siku nzima ya kwanza uliyopata bure. Siku hiyo nimeiishi. Ni siku ya kuzunguka na macho mekundu, mabegi yakiwa kwenye chumba cha mapokezi, watoto wakisinzia kwenye mabenchi ya bustani, na watu wazima wakijibizana kwa sababu zisizokumbukwa jioni. Afadhali ndege inayofika saa tisa alasiri: tunaoga, tunatembea kidogo kabla ya giza, tunalala usiku kama watu. Wanaosafiri peke yao na miaka ishirini na kitu watanicheka hapa, na wana haki yao.

Sasa kuvuka majira ya saa. London hadi Cape Town na London hadi Tokyo ni umbali unaokaribiana sana, kila mmoja takriban kilomita 9,600. Anayekwenda kusini huvuka saa moja au mbili tu za tofauti, kutegemea msimu, na asubuhi yake ya kwanza anaamka na wenyeji. Anayekwenda mashariki anakuta saa nane au tisa zimemponyoka. Usiku wa manane macho yako wazi, saa nane mchana anaanguka mezani. Kanuni inayotajwa sana ni kwamba mwili huhitaji kama siku moja kwa kila saa ya tofauti ili urudi sawa. Tena uelekeo una uzito wake. Saa ya ndani ya mwili kwa watu wengi huzunguka kwa zaidi kidogo ya saa 24, kwa hiyo kuchelewa kulala, ambako ndiko kwenda magharibi kunakotaka, ni rahisi kuliko kulazimishwa kulala mapema. Mwenye siku sita za likizo akiniuliza ushauri, humwambia aangalie juu na chini ya ramani kabla ya kuangalia kulia na kushoto. Kusini na kaskazini ndiko umbali mrefu usiokuibia usingizi.

Na saa zenyewe hazitulii mahali pamoja. Upepo mkali wa juu unaovuma kutoka magharibi huifanya ndege ya kutoka New York kwenda London itumie kama saa saba, na ile ya kurudi ikaribie nane au zaidi, kwa njia ile ile. Siasa nazo husogeza nchi. Tangu anga la Urusi lilipofungwa kwa mashirika mengi ya Ulaya mwaka 2022, ndege ya Helsinki kwenda Tokyo iliyokuwa ikitumia saa tisa na kitu imekuwa ikitumia kama kumi na tatu kwa kuzunguka. Mtu aliyepanga kwa kumbukumbu ya safari yake ya zamani hapati tena mahali pale pale. Hata kurudi nyuma kumewahi kutokea: kuanzia 1976 hadi 2003 abiria wa Concorde, ndege iliyokwenda kasi kuliko sauti, walivuka Atlantiki kwa saa tatu na nusu hivi, na tangu hapo hakuna anayeweza kununua tiketi ya aina hiyo.

Urefu wa likizo ndio unaoamua ni saa ngapi mtu anaweza kumudu. Kipimo changu ni cha kienyeji: kwenda na kurudi, pamoja na siku ya kujiweka sawa, visile zaidi ya sehemu moja ya tano ya siku tulizopewa. Wikendi ndefu inavumilia saa nne au tano kila upande. Wiki moja inavumilia ndege ya nusu siku, iwapo hatuvuki majira mengi. Jessica de Bloom na wenzake waliwafuatilia wafanyakazi wa Uholanzi waliokwenda likizo ndefu, na katika matokeo waliyochapisha mwaka 2013, afya na furaha ya watu hao zilifika kileleni kama siku ya nane, kisha zikarudi zilikokuwa ndani ya wiki ya kwanza kazini. Nilipoyasoma nilijiuliza mara moja: siku ya nane ya nini? Kwa mtu aliyetumia siku tatu za mwanzo akipigana na usingizi, nadhani hesabu inaanza pengine. Matokeo hayo huyatumia kuwatetea wanaotaka kukaa karibu. Ikiwa faida inafutika haraka hivyo hata kwa aliyekaa wiki tatu, basi safari fupi za karibu, zilizogawanywa ndani ya mwaka, zina hoja nzito kuliko fahari inavyotaka kukubali.

Hapo ndipo ninapogombana na shemeji. Samuel Stouffer, mwanasosholojia wa Marekani, aliandika mwaka 1940 kwamba idadi ya watu wanaofika umbali fulani haitegemei umbali wenyewe, bali fursa zilizopo huko zikipimwa na fursa zilizopo njiani. Kwa lugha yetu ya mezani: kabla ya kuufikia ufuo wa mbali, utazipita fuo ngapi? Kama unachokitaka ni mchanga, maji ya vuguvugu na kutosumbuliwa na simu, kuna uwezekano mkubwa umekwishaviruka vyote hivyo dirishani ukiwa saa mbili angani. Umbali mrefu nauona una haki pale tu ambapo kitu chenyewe hakipo karibu: taa za anga za kaskazini, wanyama wa visiwa vya Galápagos, ndugu uliyemkosa miaka. Mke wangu aliniuliza bahari ya kule ina nini ambacho ya hapa haina. Swali lile lile nimelipeleka kwenye kila pendekezo tangu siku hiyo, likiwemo lake.

Shemeji hajawahi kulikubali. Kwake umbali wenyewe ndio bidhaa. Ndoto yake ni Tristan da Cunha, kisiwa cha Atlantiki ya Kusini chenye wakazi wasiofika 300, kisicho na uwanja wa ndege, kinachofikiwa kwa meli kutoka Cape Town kwa karibu wiki nzima baharini, na meli zenyewe ni chache kwa mwaka. Nilimwonyesha kisiwa cha Saint Helena kama njia ya kati. Mpaka 2017 hicho nacho kilitaka siku tano hivi za meli kutoka Cape Town. Ndege za ratiba zilipoanza Oktoba mwaka huo, kutoka Johannesburg ikawa kama saa sita. Kwa mfanyakazi wa kawaida kisiwa hicho kilizaliwa siku hiyo, kwa sababu kabla ya hapo meli peke yake ilitaka likizo yote. Shemeji alitazama, akasema ndiyo sababu hakitaki tena. "Kikishafikika kwa saa sita, kila mtu atanipata huko." Sikuwa na jibu, na kusema kweli ninamwelewa. Kuna uchovu wa kazi ambao hautoki mpaka uhisi kwamba hata wakikuita huwezi kurudi kesho. Saa moja ya gari haikupi hisia hiyo, hata simu ukiizima.

Watoto nao wamenibadilishia hesabu kwa namna nyingine. Mkubwa, yule wa kiatu, ukimuuliza likizo ile ilikuwaje, huanza na mbio za uwanjani, ndipo anafika baharini. Mdogo hakumbuki chochote isipokuwa dirisha la treni. Nimeanza kuwaachia kiungo kimoja cha kupendeza kila safari, kivuko badala ya daraja, au treni ya polepole kipande cha mwisho, hata kama inaongeza saa mbili. Saa hizo siziandiki kwenye safu ya njia. Naziandika kwenye safu ya likizo, na mama mkwe akiuliza kwa nini tunapanda boti hali daraja lipo, watoto hujibu kabla yangu.

Tusilokubaliana hadi leo ni siku ya kurudi. Mimi nataka tuwe nyumbani Jumamosi mchana, nguo zifuliwe, tulale kwenye vitanda vyetu, Jumatatu iwakute watu wazima na akili zao. Mke wangu anasema hiyo ni kuitupa siku nzima tuliyoilipia; yeye angerudi Jumapili usiku, mabegi yaachwe sebuleni, asubuhi kila mtu ashike njia yake. Mwaka jana tulifanya kwa mtindo wangu, mwaka huu ni zamu yake. Tiketi amezikata mwenyewe, bila kunionyesha ratiba, na ninachojua tu ni kwamba hakuna kubadilisha ndege.